Ung'ongo

Walivunja mlango Jumanne, saa nane za usiku,
mvua ikipiga mabati, ndiyo maana Nyalenda nzima haikusikia,
au ilisikia ikavuta blanketi.
Walichukua televisheni, cherehani, simu mbili,
na sufuria ya omena pamoja na kifuniko chake.
Mengine waliyoyachukua sikuyaandikisha kituoni.

Miezi mitatu nililala nimeketi.
Paka akitua juu ya bati, mimi wima.
Mchungaji Wesonga akaziombea pembe nne za nyumba.
Mama Aringo akaniletea majani ya kuchemsha.
Wote wakasema: usikumbuke.
Kana kwamba ni mimi niliyekwenda kukumbuka,
na si kumbukumbu iliyokuja, na viatu vyake, kwa njia ya dirisha.

Ndipo Obura, mwanangu wa kidato cha tatu,
akaazima kompyuta yenye ufa kwa binamu yake wa Kondele,
na filamu moja ndani yake, ya watu wa mbali, lugha sijui ni ipi.
"Mama, hii inatisha," akasema. "Inatisha vibaya."
Nilitaka kumfokea. Nyumba hii haijashiba hofu?
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
nawe waniletea mkeka mzima?

Lakini niliketi.

Msichana yumo ndani ya kabati.
Nje ya kabati, hatua.
Panga linaburutwa sakafuni, polepole,
na tumbo langu likaijua sauti ile kabla yangu.
Nikanyoosha kidole, nikabonyeza.
Kila kitu kikasimama.
Panga hewani. Mdomo wa msichana wazi, hauna kilio.
Vyura tu, kule mtaroni.

Sijui kama utanielewa.
Jumanne ile nilikitafuta kitufe hicho mwili mzima.

Nikaenda nikachemsha chai. Sukari, vijiko vitatu.
Nikarudi, bado wananingoja, muuaji na panga lake,
kama wachelewaji nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.
Nikacheka. Obura akanitazama kama nimepagawa.
Nikabonyeza tena.

"Asifungue," nikasema.
"Atafungua," akasema.
"Mjinga huyu. Angebana pumzi. Mimi niliuma kanga, chini ya kitanda,"
na hapo nikasikia nilichosema.

Hakugeuka. Wala mimi sikugeuka.
Uso wake ulikuwa samawati kwa mwanga wa kioo.
"Nilijua uko pale," akamwambia yule msichana wa kabatini.
"Waliponiuliza mama yuko wapi, nikasema Siaya, matangani.
Ndiyo maana walinipiga.
Kidole chako cha mguu kilikuwa kimetokeza. Niliomba usitoke."

Miezi mitatu nilidhani ananilaumu kwa kutotoka.
Miezi mitatu yeye alidhani nilisikia alivyolia, nikamdharau.

Msichana akafungua. Damu ikaja, nyingi, nyekundu kupita kiasi,
kama sharubati ya arusi.
Tukapiga ukemi sote wawili,
ule ambao usiku ule hatukuupiga,
hadi Mama Aringo akagonga ukuta: "Kuna nini huko?"
"Sinema!" tukajibu kwa pamoja.

Majina yakaanza kupanda, meupe kwenye giza.
Hatukuweza kusoma hata moja. Obura akakisia:
huyu ndiye aliyepika damu, huyu alishika taa,
huyu alimpa msichana maji ya kunywa walipomaliza.

Sisemi nimepona. Komeo bado nalikagua
mara mbili; zamani ilikuwa tisa.
Mvua ikipiga bati, mkono hutafuta kitu.
Lakini kila Ijumaa Obura huja na nyingine, nami huuliza kwanza:
inatisha? Kiasi gani?
Kisha naushika ung'ongo wangu kwa mikono miwili,
naupinda, nausikiliza unavyokwaruza,
najifunza ni mahali gani hasa
haufanani na nyoka.